Jina Nililopaza Katikati ya Gitaa

Mwanangu, nakuita mwanangu na bado navaa kaptura ya shule. Usicheke. Mwenye kovu hangoji mvi ili ashauri.

Ipo siku moja hainitoki kichwani. Kaka yangu Wafula alikuwa na kampuni ya santuri pale Lindi, Kibera. Nikisema kampuni usije ukawaza ghorofa: chumba cha kupanga, tepu rikoda moja, na blanketi za mama ukutani kuzuia kelele za jirani. Alirekodi wazee wa kwetu Magharibi wanaopiga gitaa kavu, lile lisilo na stima, huku mtu akikwaruza chupa ya soda. Maduka ya mjini hayakuwataka. Wafula aliwataka.

Mukhwana, mwenye kilabu cha pombe ya busaa kule mtaa wa Kongo, Kawangware, akakubali kulipia kiwanda kitoe santuri ya Mzee Nandwa, fundi mawe. Sharti lake moja: atajwe kwenye wimbo. Mimi, mdomo mrefu, nikaapa, "Utatajwa mpaka uchoke!"

Kumbe wimbo ulikuwa wa msiba. Katika mazoezi Mzee Nandwa aliwataja mkewe na wanawe wawili aliowazika, na baada ya kila jina gitaa likalia peke yake.

"Mzee, mchomeke Mukhwana hapo," nikamwambia.

"Kijana, humu nataja waliokwenda. Aliye hai hana kiti."

"Kwani gitaa lako ni jeneza?"

Wafula akacheka. Mzee hakucheka. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ubaya ni kwamba guu lenyewe halikuwa langu.

Tepu ikazunguka. Alipotaja mwanawe wa mwisho na gitaa likabaki peke yake, nikapaza sauti kama wale wa bendi za dansi wanaotaja wafadhili wao: "Mukhwana wa Kongo!"

Mzee akapiga mpaka mwisho. Wafula akamwomba warudie.

"Wafu hawaitwi mara mbili kwa siku moja," akasema, akaondoka.

Basi tepu ikaenda kiwandani hivyo hivyo. Mukhwana alifurahi, akaipiga santuri kilabuni kutwa nzima. Mjini, kutajwa ni kutajwa tu. Lakini mtu aliipeleka kwao Magharibi, ikawekwa kwenye gramafoni, na mama yake Mukhwana akasikia jina la mwanawe likifuata majina ya marehemu. Kule wanajua wimbo wa aina ile una maana gani.

Jamaa zake wakapanda basi kuja kuchukua maiti. Wakamkuta maiti anapima busaa! Tulicheka, mwanangu, mbavu zikauma. Nilikuwa bado naigiza maiti anayerudisha chenji wakati telegramu ilipofika. Mama yake Mukhwana alikuwa amelia mpaka moyo ukasimama.

Mukhwana alipotoka kuzika alikuja moja kwa moja Lindi. Nilingoja makofi. Hakunigusa. Alimwomba Mzee Nandwa, aliyekuwa ameketi na Wafula, "Mzee, niimbie mama yangu."

Mzee akaanza kupiga, polepole. Alipofika pa kutaja jina, akanigeukia.

"Wewe mwenye sauti. Mtaje."

"Simjui jina, Mzee."

"La mwanawe ulilijua."

Mukhwana akalitaja mwenyewe jina la mama yake, kwa sauti ya mtoto.

Wafula akavunja santuri zote zilizobaki, na mke na wana wa Mzee Nandwa wakavunjika humo humo. Mzee hakutaka kurekodi tena, wala Wafula hakumwomba. Chumba kile sasa kinauza makaa.

Basi mwanangu, chekesha. Hata mimi bado natolewa nje ya darasa. Lakini kabla hujatia mdomo katika jambo la mtu, kwanza uliza ameweka nani wake ndani. Na mkubwa akisema hapana, hata kama hujaelewa, nyamaza kwanza. Kuelewa kutakuja, na afadhali kukukute hujasema.

Mungu akupe ulimi wenye breki, na majina ya uwapendao yakae miaka mingi bila kuimbwa.