Saa Thelathini na Sita za Kitabu

Kuna siku moja naikumbuka kwa harufu yake, mwanangu. Nilikuwa kidato cha tano, mwezi wa saba, baridi ya Mbozi ile inayomfanya mtu aogope kunawa uso, nami nimesimama mbele ya kichanja cha kuanikia cha shule nikinusa kahawa niliyoiharibu kwa mkono wangu mwenyewe. Ilinuka siki. Nakusimulia kwa sababu baba yako amenipigia simu kutoka Tunduma kunijulisha kwamba amekutoa kwenye klabu ya kilimo ili usome, na mimi nimemjibu kwamba nakataa. Yeye ni mdogo wangu, nimembeba mgongoni, siwezi kuanza kumwogopa leo.

Maneno yake si mapya. Mwalimu wetu wa taaluma, ambaye pia alitufundisha Bayolojia, alisimama mstarini asubuhi akatangaza kwamba wanafunzi wa sayansi waachane na klabu, maana Bayolojia haisomwi kwa jembe. Wengi walijitoa siku ile ile. Tulibaki wanne, na mwenyekiti nilikuwa mimi. Usinipigie makofi lakini. Nilibaki kwa ubishi, na kwa sababu nilipenda kuitwa mwenyekiti.

Tulikuwa na shamba dogo la kahawa nyuma ya mabweni, na mashine moja ya kumenyea, ya kuzungusha kwa mkono. Kahawa ikishamenywa inabaki na utelezi. Unaiacha kwenye tangi ichachuke mpaka utelezi ulegee, ndipo unaiosha na kuianika. Kitabu cha klabu kiliandika saa thelathini na sita. Nami nilikuwa na saa ya mkononi, zawadi ya mjomba, na kutwa nzima nilikuwa naitazama.

Mpishi wa shule alikuwa Mama Nzunda, mwenyeji wa Isansa, mwenye kahawa yake nyumbani tangu kabla sijazaliwa. Zilipotimia saa zangu alikuwa akipita na ndoo ya maji. Akaitua, akachovya mkono kwenye tangi, akasugua kahawa kiganjani, akasema bado inateleza, tusubiri. Nikamwonyesha kitabu. Nikamwonyesha na saa. Kisha, mwanangu, nikamwambia mama yule mbele ya wenzangu kwamba asilinganishe darasa la saba lake na kidato cha tano changu. Hata leo nikiyakumbuka maneno yale uso unanichoma. Yeye alibeba ndoo yake akaenda zake jikoni.

Tukaosha, tukaanika. Utelezi uliobaki ukashika vumbi, kahawa ikabadilika rangi, na harufu nimeshakwambia. Kwenye chama cha msingi, wakulima wanakouzia kahawa yao, mpokeaji alinusa mara moja tu, akalisukuma gunia letu pembeni. Mwalimu wa taaluma alifurahi kweli, sasa alikuwa na ushahidi. Alimwomba mkuu wa shule aifunge klabu mwisho wa wiki, kwa kuwa kusoma hatusomi na kahawa hatuiwezi.

Nikaenda kupiga magoti mlangoni pa jiko. Nilianza kulia kabla sijasema neno. Mama Nzunda hakuacha kukoroga maharage.

"Umekuja kulia au kuuliza?" alisema. "Saa uliisoma. Kahawa hukuigusa."

Basi nikauliza. Alinieleza kwamba aliyeandika kitabu kile huenda alikaa kwenye joto; huku kwetu mwezi wa saba kahawa inachelewa, hata kufika siku ya tatu. Unasugua konzi moja. Ikiteleza, bado. Ikikwaruza kama changarawe, tayari. Jioni ile nikafungua daftari langu la Bayolojia, ukurasa wa chachu na joto. Nilikuwa nimeukariri na kupata alama zote, bila kujua kwamba unazungumzia tangi letu. Nilikasirika, mwanangu. Nilijikasirikia mwenyewe, na nikamkasirikia kila mtu aliyenifundisha kwamba daftari na tangi havijuani.

Kesho yake nilikwenda kwa mkuu wa shule bila kuitwa, nikaomba mchumo mmoja. Alikubali, mmoja tu, na huo ukiharibika klabu imekwisha. Saa yangu niliivua nikaifungia sandukuni. Tulisugua asubuhi, mchana na jioni, Mama Nzunda naye akija kila alipopata upenyo kati ya chai na ugali. Siku ya tatu, baada ya vipindi, ikakwaruza. Ilipokauka ilikuwa safi, haina doa, na mpokeaji yule yule akataka kujua nani ameiosha.

Kwenye kipindi chake cha Bayolojia, Mwalimu wa taaluma akasema ni bahati. Nikasimama.

"Si bahati, Mwalimu. Niulize chochote kuhusu kuchachuka, hapa hapa, bila daftari."

Aliniuliza kwa nusu ya kipindi. Nilijibu yote, na mwisho nikamweleza kwa nini kitabu cha klabu kilishindwa Mbozi. Hakutabasamu, lakini klabu haikufungwa.

Sasa nisikilize. Mimi sikupata daraja la kwanza, nilipata la pili, na udaktari alioutaka baba yetu sikuufikia. Naosha kahawa hapa Igamba, na vijana wa vyuo wanakuja na vipimo vyao kuniuliza. Sijuti hata kidogo, na asikudanganye mtu kwamba nilipoteza muda. Baki kwenye klabu. Lakini ukiifanya maficho ya kukwepa hesabu, nitakuja kukutoa mimi mwenyewe, na sitapiga simu kwanza. Ulichokigusa shambani, nenda katafute kimeandikwa wapi. Na ukikariri kitu, usilale nacho mpaka umejua kinaguswa wapi. Anayeijua kazi mheshimu hata kama amevaa aproni ya jikoni. Usisubiri kuharibu gunia zima ndipo upige magoti.

Nimemwambia baba yako mje wote wawili Jumamosi, nitakuwa nimemenya. Mungu akubariki, mwanangu, akupe akili isiyochoka kuuliza na mikono isiyoona haya kulowa. Na baba yako akifika, avue saa yake aiache mezani, atie mkono kwenye tangi, kisha aniangalie usoni aniambie kama hilo si somo.