Maji Aliyonyimwa Mwanangu

Saa moja kasorobo asubuhi mwanangu wa kwanza, wa miezi tisa, alilia bila machozi. Niliisoma saa kwenye saa ya mezani ya mume wangu, aliyekuwa kazini Mombasa.

Tuliishi nje ya mji wa Mutomo, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Kilikuwa kiangazi, na maji tuliyachota kwenye mashimo yaliyochimbwa katika mchanga wa mto uliokauka. Mtoto alikuwa akiharisha tangu jana yake. Mama mkwe aliamuru asipewe maji, uji wala titi. Wengi wetu tuliamini hivyo: ziba juu, na chini patakauka. Nilitii, huku matiti yakiniuma kwa kujaa.

Wifi yangu alirudi kutoka mtoni, akamfungua punda mitungi, akaingia. Aliivuta kidogo ngozi ya tumbo la mtoto. Ilibaki imesimama, dalili ya mwili kuishiwa maji.

"Chemsha maji," aliniambia.

"Utamfungulia bomba," mama mkwe alisema. "Ama siku hizi wewe ni daktari, na punda ndiye msaidizi wako?"

"Mama, bomba la wangu tulilifunga. Likafungika kabisa."

Mtoto wa wifi tulikuwa tumemzika mwaka uliotangulia. Muuguzi alimfundisha wifi dawa akiwa ameshachelewa kumwokoa: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi.

Tuliichanganya, nikamnywesha mwanangu kwa kijiko. Alitapika. "Ngoja kidogo, anza tena," wifi alisema. Nilianza tena, na katikati nilimnyonyesha. Adhuhuri alikojoa. Mama mkwe aligusa nepi, akatazama mkono wake, kisha akaenda kuongeza kuni chini ya sufuria ya maji.

Baadaye nilijisomea kwamba sukari kidogo husaidia chumvi kuvuka ukuta wa utumbo, na maji hufuata. Soda tuliyokuwa tukiwapelekea wagonjwa kwa heshima ina sukari nyingi mno, huzidisha kuharisha.

Jioni lilikuja pikapu ambalo mama mkwe alikuwa ameliagiza litupeleke hospitali. Dereva alimkuta mtoto akinyonya, akilia kwa machozi.

"Kunywa chai, mwanangu, urudi," mama mkwe alimwambia. "Leo hatusafiri."

Nauli ambayo hatukulipa ilikuwa shilingi mia moja na hamsini.