Neno la Carol Nililitoa Mimi

Bibi wa Kizungu wa miaka sabini na tisa alilia mbele yangu kwa sababu nilimwita Mama Carol.

Si machozi mawili matatu. Alilia mpaka kikombe cha chai kikamponyoka.

Ilikuwa siku yangu ya kwanza kazini kwake. Nikajisemea, Bupe, leo umefukuzwa kabla ya saa nne.

Mimi ni mtu wa Tukuyu, niliishia darasa la saba, na Durban hii nimeila miaka ishirini na sita. Nakaa Greyville, ghorofa ya tatu. Farasi wakishindana nawaona bure dirishani. Kazi yangu ni kutunza wazee wa watu.

Huyo niliyepewa safari hiyo alikuwa Queensburgh. Jina lake Doris. Saratani ilishamla, amebaki macho na maneno. Aliyenitafuta ni binti yake, Carol.

Sasa kwetu mwanamke aliyezaa huwezi kumwita jina lake kavukavu. Unamwita kwa mtoto. Mimi mwenyewe nyumbani ni Mama Blandina. Kwa hiyo niliingia na Kiingereza changu cha kuokoteza nikasema, "Umeamkaje, Mama Carol?"

Ndipo akalia.

Alipotulia akasema, "Rudia."

"Mama Carol."

"Hakuna aliyewahi kuniita hivyo. Hata Carol mwenyewe."

Nikadhani dawa zinamzungusha kichwa.

Jumapili Carol akaja. Mama wa miaka hamsini na tano, shati limepigwa pasi hadi unaogopa kulishika. Akaweka matunda mezani, akavuta kiti upande wa kushoto wa kitanda, maana sikio lake la kushoto halisikii na anapenda lile zima limwelekee mgonjwa.

"Habari za leo, Doris."

Doris. Mtu na mamaye. Nilikuwa nakoroga uji, mwiko ukasimama wenyewe.

Nilikaa na hilo jambo wiki nzima linaniwasha. Ila mimi si mtu wa kuuliza kama polisi. Mimi hutega vitendawili. Doris nilishamfundisha kuitikia, na maumivu yakipungua alikuwa anavidai kama mtoto.

Siku hiyo akasema, "Leo natega mimi."

"Haya, tega."

"Nyumba ina watu wazima sita. Ina watoto watatu. Mtoto mmoja ana homa. Nani anaamka?"

"Mama yake."

"Umekosa."

"Baba yake."

"Umekosa."

"Nimeshindwa. Nakupa mji, chukua Mbeya yote."

"Hakuna anayeamka," akasema. "Kila mmoja anajua wapo wengine watano."

Hapo ndipo alipoanza kunisimulia.

Ujanani Doris alikuwa hipi. Mnawajua? Wale vijana wa zamani waliofuga nywele, wakavaa shanga na maua, wakakataa vita na mali. Yeye na wenzake walichukua shamba milimani, nyuma ya Pinetown. Hakuna changu, hakuna chako. Sahani za wote, mablanketi ya wote, watoto wa wote.

Na ilikuwa marufuku mtoto kumwita mtu Mama au Baba. Ati neno hilo ni kufuli. Linamfungia mtoto kwa mtu mmoja.

"Na nguo?" nikauliza. "Mlifua wote?"

Akatazama dirishani. "Alikuwa anakuja MaMkhize, mama wa Kizulu kutoka bondeni."

"Naye alikuwa wa wote?"

Akajivutia shuka hadi kidevuni.

"Watu wanasema tuliisha kwa sababu ya polisi," akaendelea. "Wengine wanasema bangi. Wengine wanasema ni vijana wetu kuitwa jeshini. Hayo yalikuwepo. Lakini shamba letu lilikufa kwa homa ya Carol."

Carol alikuwa na miaka saba. Mwili ukawaka. Doris alidhani Nigel, baba wa mtoto, amempeleka kwa daktari. Nigel alidhani Doris. Wale wanne walidhani Doris na Nigel. Siku mbili nzima. Walikuwa wanaimba nje, Carol yuko ndani anatetemeka kwenye blanketi la wote.

MaMkhize alipokuja kufua ndiye aliyemkuta. Akamfunga mgongoni na kushuka naye hadi barabara kuu. Mtoto akapona. Sikio likabaki huko.

"Baada ya hapo tuliogopa kutazamana," Doris akasema. "Mmoja akafunga mzigo, kisha mwingine. Nigel akakata nywele, akavaa tai, akaenda kuuza nyumba."

Mimi nilishauza vitenge Mbeya sokoni, nikamwambia nilichokijua. "Mama Carol, nyinyi mlipenda kwa jumla. Mtoto ananunua rejareja."

Alicheka hadi akakohoa. "Ungekuja miaka ile ukatuambia."

"Miaka ile msingenifungulia mlango wa mbele."

Akaacha kucheka. Na mimi sikuomba radhi.

Kisha akanishika mkono. "Bupe, nataka kulisikia mara moja tu. Aniite Mama mara moja, basi nitaondoka."

Jumapili iliyofuata nilimsubiri Carol getini.

"Mwanangu, mpe mama yako hilo neno. Halizidi pumzi moja."

Akazima gari. Huniita Gogo, yaani bibi kwa Kizulu. "Gogo, nilipopona ile homa nilimwuliza Doris, wewe ndiye mama yangu? Unajua alinijibu nini? Sisi sote ni mama zako. Nikamwambia, basi sina."

"Alikuwa mjinga. Sasa anakufa."

"Najua anakufa."

"Basi?"

"Hapo usiingie, Gogo. Nakuomba kwa heshima. Hapo ni pangu."

Aliniambia kwa Kiingereza chepesi kabisa. Siwezi kusema sikuelewa.

Daktari alikuwa amesema siku nne. Zikapita wiki tatu. Doris hali, halali, anavuta pumzi kama mtu anayepandisha gunia mlimani. Mlango ukilia anageuza macho.

Ghislaine, dada wa Bukavu tuliyekuwa tunapokezana naye zamu, aliniambia asubuhi ya Alhamisi akiwa anavaa koti, "Mama Bupe, ule mama iko anangojea kitu. Nimeonaka wengi. Bila kukipata haendi."

"Ninajua anachongojea."

"Basi mumupatie. Anateseka sana."

Ghislaine akaondoka. Nikabaki na Doris na ile pumzi.

Nikamwosha uso. Nikamlowesha midomo. Na kabla sijafikiri vizuri, mdomo wangu ukafunguka.

"Carol amepiga simu ulipokuwa umelala. Nikakuwekea simu sikioni. Akakuita Mama."

Macho yakafunguka yote. "Alisemaje?"

"Alisema, Mama."

"Kwa sauti gani?"

Hapo ningeweza kurudi nyuma. Sikurudi. Nikaigiza kabisa, nikailainisha sauti yangu ifanane na ya Carol. "Alisema hivi: Mama, ninakuja."

Doris akatabasamu. Uso ukawa wa msichana. Akaomba uji, akala vijiko viwili.

"Basi," akasema.

Saa nne na nusu alikata roho, mkono wake uko ndani ya wangu. Namshukuru Mungu kwamba hakuhangaika. Nikajipongeza, msinifiche na mimi siwafichi. Nikajiona mtu mwema.

Nilikuwa bado sijampigia Carol simu nilipoisikia gari yake.

Alhamisi. Yeye huja Jumapili. Nilitoka nje, akaniona uso, akajua. Akashika mlango wa gari.

"Lini?"

"Sasa hivi. Nusu saa haijafika."

Akaegemea gari. Shati halikuwa limepigwa pasi.

"Nilikuwa nakuja kumwambia," akasema. "Nimeomba ruhusa kazini. Njia nzima nimekuwa nikijifunza kulisema. Kila nikisimama kwenye taa za barabarani, hizi robot, nalisema. Dereva wa taxi ya pembeni akanicheka. Robot zote zilikuwa nyekundu, Gogo, na mimi nikashukuru, kwa sababu nilipata nafasi ya kulirudia."

Sikuwa na pa kuweka mikono.

"Alikuwa ananingojea?" akauliza. "Wiki tatu zote hizi alikuwa ananingojea mimi?"

Ningesema ndiyo tu, nikanyamaza. Lakini uongo mmoja ulishanitosha. Nikamweleza wote, mpaka ile sauti niliyoigiza.

Carol hakunitukana. Afadhali angenitukana.

"Nani alikuruhusu?"

"Nilimwonea huruma, mwanangu."

"Hata wao walikuwa na huruma. Wote sita." Alikuwa anaongea taratibu kama anayemsomesha mtoto. "Kwenye lile shamba sikuwa na kitanda changu. Sikuwa na kijiko changu. Neno lile ndilo kitu pekee nilichokuwa nacho peke yangu, na nimelitunza miaka arobaini na minane. Wewe umempakulia kama maharage."

Akaingia chumbani, akafunga mlango. Nilikaa jikoni nikingoja kusikia sauti. Sikusikia kitu.

Alipotoka macho yalikuwa makavu.

"Nimejaribu," akasema. "Halitoki tena."

Akaniambia sharp, yaani haya basi, Gogo, nenda nyumbani, wanaokuja kumchukua nitawapokea mwenyewe. Kwenye mazishi hakunialika. Nimemwandikia ujumbe mara tatu kumwomba msamaha. Anausoma. Hajibu.

Najua mtakaosoma mtagawanyika. Ghislaine anasema nilifanya vyema, marehemu alikwenda na amani. Ni kweli alikwenda na amani. Ila amani ile niliichota kwa mtu mwingine, na huyo mtu yuko hai, anaamka bila amani hiyo kila siku.

Nilikaa wiki nyingi nikiwacheka wale mahipi, kwamba waligeuza mtoto wa mtu kuwa wa wote. Nikafanya lilelile, tena mimi niliambiwa getini kabisa kwamba hapo si pangu. Eish. Walioharibu lile shamba hawakuwa watu wabaya. Walikuwa watu wenye mioyo mizuri ambao hawakuona haja ya kuuliza hiki ni cha nani.

Wajukuu zangu, mkitaka kumsaidia mtu, ulizeni kwanza. Na mkijibiwa hapana, kaeni chini, mshikeni mgonjwa mkono, mngoje naye. Ilikuwa imebaki nusu saa.