Meza ya Majoka

Samli ikiyeyuka jikoni kwangu, narudi kimawazo Wheaton nilikokulia, kwa bibi jirani Mtibeti. Alikuwa na meza fupi ya mbao iliyochorwa majoka mekundu, na mama hakuiamini hata kidogo. Kila nikitoka huko alinihoji.

"Amekwambia nini leo?"

"Eti babu yake aliivusha milima, kaibeba mgongoni." Ulimi wangu ulikuwa bado na ladha ya chai yake ya samli, nikaongeza, "Ila anatia chumvi..."

Mama hakusubiri nifike kwenye chai. "Nilijua tu! Mwongo yule. Usirudi tena."

Sikurudi. Lakini vidole vyangu vilikuwa vimeshapapasa chini ya meza, vikakuta ubao umelika, laini kabisa, pale kamba ya kubebea ilipokaza.