Wakili Aliyekataa Kumkana Baba Yake

Kosa ninalotaka kulifichua hapa, mwanangu, ni la mtu kukubali kuokolewa peke yake. Wengi hawaliiti kosa. Huliita akili, huliita bahati, na katika makanisa yetu ya leo wapo wanaoliita neema na kulitolea ushuhuda mbele ya madhabahu. Mimi naliita kosa, na sitalibadilishia jina ili kumpendeza mtu.

Siku zilizonifundisha hayo nazikumbuka vizuri. Nilikuwa msichana aliyetoka chuo kikuu na shahada ya sheria, nina joho jipya na maneno mengi. Nilikuwa nikijifunza kazi katika ofisi ya Maître Kabeya, karibu na mahakama yetu ya Likasi. Huku kwetu wakili huitwa Maître, na yeye jina hilo lilikuwa limemganda mwilini kama ngozi. Alianza akiwa karani wa mahakama enzi za Wabelgiji, akawa mtetezi wa watu wadogo, kisha wakili kamili. Wananchi walimpeleka katika baraza la mkoa, wakamnyima kura, wakamrudisha tena. Alitetea wajane, alitetea wachimbaji, alitetea hata wezi wa nyaya za shaba; na alipoulizwa kwa nini, alijibu kwamba mwizi naye ana haki ya kuitwa mwizi baada ya kusikilizwa, si kabla.

Wewe hukuiona miaka ile. Kampuni ya migodi iliyokuwa ikilisha mji mzima ilikuwa imelala chini. Mishahara ilikuwa hadithi. Maji ya bwawa la Koni yaliendelea kuzungusha mitambo na kutoa umeme, lakini taa za mtaa wa Kikula zilikuwa zimezima. Njaa ilipoingia majumbani, ilitafuta mtu wa kulaumiwa, na wanasiasa wakaipatia: wenzetu wenye asili ya mkoa wa Kasai, ambao wazee wao waliletwa huku na wakoloni kujenga reli na kuyeyusha shaba. Wakaambiwa warudi kwao. Vijana wa chama kilichoshika mkoa walipita nyumba kwa nyumba. Stesheni ikajaa magodoro, sufuria na watu waliokuwa wakingoja treni chini ya mvua. Watoto walizaliwa pale, na wazee walikufa pale, na sisi wengine tulikwenda sokoni kwa njia ya mbali ili tusipite hapo.

Baba yake Maître alikuwa mtu wa Kasai. Sisi sote tulimwita Tata Kabeya. Alikuja Likasi kijana, akaingia kazi ya tanuri, akamwoa msichana wa Kisanga kutoka Kapolowe. Mke alikuwa amekwisha kufariki. Mzee aliishi Kikula, macho yamefifia, katika nyumba aliyoijenga kwa matofali aliyoyachoma kwa mkono wake. Kwa hiyo swali lililokuwa mbele yetu lilikuwa moja tu: je, mzee huyu naye atabebwa kupelekwa stesheni?

Hapa sina budi kukueleza desturi, kwa maana vijana wa leo mnaijua nusunusu. Kwa Wasanga, wenyeji wa huku, mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye mwenye neno juu yake. Kwa watu wa Kasai, mtoto ni wa baba. Basi Maître alikuwa na bahati ambayo wachache wanayo: kila upande ulikuwa na haki ya kumwita wake.

Asubuhi moja, chama kilipokwisha kuwaita wajumbe wote wa baraza mkutanoni ili wataje asili yao, mjomba wake, Mzee Kalasa, akafika ofisini kutoka Kapolowe. Alifuatana na mama mdogo wa Maître, yaani mdogo wa mama yake aliyefariki, mwanamke mfupi aliyekuwa akiuza samaki wakavu wa mto Lufira. Mama huyo alikaa kwenye benchi karibu na mlango, akaweka kikapu chake miguuni. Mzee Kalasa hakukaa.

"Mwipwa wangu," alisema, maana ndivyo mjomba anavyomwita mtoto wa dada yake, "hii mambo iko mwepesi. Siku ya mukutano unasimama, unasema: miye niko Musanga, muntu ya mama yangu; ule muzee haiko muntu wangu. Basi. Kiti yako ya baraza inabakia. Nyumba yako inabakia. Miye nitasimama pembeni yako, nitasema ni kweli."

"Na Tata?"

"Tata yako atarudia kwabo."

"Kwabo wapi, Mujomba? Alifika hapa ndevu hazijaota bado."

"Kwabo ni kwabo."

Sitakuficha, mwanangu: niliona hoja ile ni nzuri kupita kiasi. Niliipima kama nilivyofundishwa kupima hoja, na haikuwa na tundu. Desturi ilikuwa upande wetu, shahidi alikuwa mjomba mwenyewe. Nikainama nikamwambia Maître kwa sauti ya chini kwamba mbele ya hakimu yeyote tungeshinda.

Alinigeukia mimi kabla ya kumjibu mjomba wake. "Ndiyo, tungeshinda," alisema, "na ndiyo sababu ninaogopa. Sikiliza, binti. Desturi ya mama yangu iliwekwa ili mtoto asikose kwao. Haikuwekwa ili baba akose mtoto. Ukiigeuza iwe kisu, utakuwa umejua vifungu vya sheria, lakini sheria yenyewe hujakutana nayo."

Kisha akamtazama mzee. "Hapana, Mujomba."

"Hapana?" Mzee Kalasa alicheka kwa hasira. "Basi kula hii Kifaransa yako ya mahakama. Tutaona kama inashibisha."

"Imenilisha mpaka leo. Na weye umekula kwayo, Mujomba, kila Noeli."

Mzee alitoka bila kuaga. Mama mdogo alinyanyuka polepole, akajitwisha kikapu, na alipofika kizingitini akauliza swali lake la pekee: "Muzee anakulaka nini hizi siku?"

"Bukari na matembele, Mama. Siku ikiwa nzuri."

Akasonya, akaenda zake.

Mkutano ulifanyika Jumapili katika ukumbi wa zamani wa sinema. Viti vilikuwa vimeng'olewa, watu walisimama wamebanana. Mbele, mezani, walikaa wakubwa wa chama cha mkoa. Nyuma yao vijana wenye fimbo. Wajumbe wa baraza waliitwa mmoja mmoja kutaja asili yao. Wengine walitaja vijiji ambavyo sina hakika waliwahi kuviona. Mmoja alilitamka jina lake nusu, akaimeza ile nusu ya pili, na watu wakampigia makofi.

Jina la Maître lilipoitwa, kelele zilianza kabla hajafika mbele.

"Jina! Jina ya baba yako!"

"Maître, kata jina! Kata kidogo tu, haiumi!"

Ukumbi ulicheka. Yeye naye alicheka. "Nimekata rufaa maisha yangu yote," alijibu, "lakini jina sijakata hata siku moja, na sitaanza leo kwa ajili yenu. Naitwa Kabeya. Baba yangu ni mtu wa Kasai na yuko Kikula, nyumbani kwake, anaota jua. Mnanitaka niseme kwamba niko Musanga. Niko Musanga! Nani aliwahi kukataa? Mama yangu ni wa Kapolowe, mjomba wangu yule pale, muulizeni."

Watu waligeuka kumtazama Mzee Kalasa. Mzee alitazama viatu vyake.

"Lakini mimi nami nina swali," Maître aliendelea, na sauti yake sasa ilikuwa ya mahakamani. "Mnasema mnalinda desturi ya nchi hii. Desturi ya nchi hii inamhesabu mtoto kwa mama. Nendeni stesheni mkatazame. Wangapi kati ya wale waliolala kwenye matope mama zao ni dada zenu? Kwa desturi yenu wenyewe, wale ni watoto wenu. Mmewafukuza watoto wa dada zenu! Mlianza lini kuhesabu kwa baba? Ni siku ile mlipozitamani nyumba zao?"

Nilimwona mama mmoja karibu nami akiweka kiganja mdomoni. Halafu hasira ikafumuka. Kijana mmoja alimpokonya kipaza sauti. Mwenyekiti akatangaza kwamba Kabeya si mjumbe tena, na akaongeza kwamba mzee wake ataondoka kesho yake kama wengine. Maître alichukua koti lake. Kulikuwa na mlango mdogo pembeni, nami nikamvuta mkono kuelekea huko. Alikataa. Alipita katikati ya watu, na watu, sijui kwa nini, wakampisha.

Kesho yake tulikwenda Kikula mapema, yeye amevaa joho lake jeusi kana kwamba anakwenda kutetea kesi. Nilikuwa na hofu, na nilimwambia wazi kwamba joho halizuii fimbo. "Najua," alijibu. "Lakini nataka wajue wanampiga nani."

Tulipofika, mama mdogo alikuwa amekwisha kufika. Aliketi chini, mlangoni mwa nyumba ya Tata Kabeya, miguu ameinyoosha kutoka upande huu wa kizingiti hadi upande ule, kikapu cha samaki mapajani. Ndani, dada wawili wa ukoo wake walikuwa wakimsongea mzee bukari, ugali wetu wa huku. Hakutusalimu kwa maneno mengi. Alimwambia tu Maître akae uani, asisimame mbele yake, kwa sababu anamzibia jua.

Vijana wakaja, kundi zima, wakiimba. Waliyemwita Komando alitangulia.

"Mama, simama. Tuko na kazi."

"Miye pia niko na kazi. Hauone samaki?"

"Tafazali, Mama. Ondosha miguu."

"Miguu iko yangu. Weye unataka kupita? Ruka."

Hapo wimbo ulikatika. Unajua, au unapaswa kujua, kwamba katika nchi yetu mtu haruki miguu ya mwanamke aliyezaa. Anayeruka amelitukana tumbo lililomleta duniani, na hata mwenye fimbo mkononi hana dawa ya jambo hilo. Komando alimtazama aliyekuwa nyuma yake.

"Ruka weye."

"Miye? Weye njo mukubwa!"

"Nimesema ruka!"

"Mukubwa atangulie kuruka!"

Mama mdogo alikuwa akichambua samaki, akitupa vichwa upande mmoja. "Huyu muzee," alisema bila kuinua macho, "alipokuja kuposa kwetu, alilima shamba ya mama yangu mpaka mama akasema inatosha. Kaka yangu Kalasa alikula mihogo yake akanenepa. Sisi njo tulimupokea. Sasa nani anamurudisha, na hajatuuliza siye? Komando, mama yako anajua uko apa?"

Mmoja wao alicheka, na mwingine akacheka, na Komando akawa mdogo mbele ya macho yetu. "Tutarudia," alisema.

"Rudieni na mama zenu. Samaki iko ya kutosha."

Walirudi kweli, mara kadhaa, na kila mara waliikuta miguu ile mlangoni. Alikaa pale mpaka kelele zikachoka. Mzee Kalasa aliapa kwamba hatazungumza na dada yake huyo tena, na akatimiza kiapo hicho muda mrefu kuliko ilivyompasa mtu wa umri wake.

Sikudanganyi, mwanangu. Treni ziliondoka zimejaa. Kikula ilibaki na nyumba ambazo milango yake ilifunguliwa na wasiozijenga, na wengine wao leo ni watu wa heshima wanaokaa viti vya mbele kanisani. Maître alipoteza kiti chake, na marafiki waliokuwa wakila mezani kwake wakasahau njia ya kwake. Lakini hakuifunga ofisi. Kwa miaka iliyofuata alisimama mahakamani akidai nyumba za waliofukuzwa. Alishindwa mara nyingi, akashinda mara chache, na kila aliposhindwa alikwenda kumsalimu hakimu akijitaja kwa jina lake mwenyewe kamili. Tata Kabeya alikufa kitandani kwake, chini ya paa lake, mwanawe akimfumba macho. Na utawala ulipobadilika, watu walewale wa Kikula walimrudisha Maître barazani, akiwa na jina lilelile ambalo waliwahi kumzomea kwalo.

Sasa sikiliza nasaha yangu. Siku moja mtu atakuja kwako na wokovu uliopimwa kwa kimo chako peke yako. Atakuwa mpole, huenda atakuwa ndugu yako, na hoja yake itakuwa sahihi. Muulize swali moja tu: na huyu aliye nyuma yangu, je? Akikujibu kwamba huyo arudi kwao, mkatalie. Usimkatalie kwa kunong'ona, usimkatalie kwa kupitia mlango wa pembeni. Mkatalie kwa sauti, kwa jina lako lote, na ukubali kupoteza kitakachopotea. Na kama huna sauti wala cheo wala joho, una mwili wako: kaa mahali ambapo ubaya unataka kupita, usiondoke.

Mungu akupe shingo isiyoinamia umati na moyo usioona haya kwa waliokuzaa. Akupe nyumba, na wenye kukaa humo pamoja nawe. Akupe pia, siku utakapolemewa, mtu wa kukalia kizingiti chako kama alivyokikalia cha Tata Kabeya yule muuza samaki wa Kapolowe, Mama Philomène Kabwe.