Jiwe Lililonuka Jikoni kwa Jenipha

Jilala ni Msukuma wa Kahama, mrefu, mpole mpaka anakera. Alikuja hapa Nyamwaga kutafuta dhahabu kama wanavyokuja wengi, akapanga chumba changu cha uani yeye na mkewe Jenipha. Wenzake walipeleka mawe kusagwa kwenye karasha. Yeye aliyachoma kwanza kwenye mafiga, humo humo ndani, mpaka yakaiva kama makaa, akayamwagia maji yakapasuka, kisha akayatwanga kwenye kinu cha chuma. Alisema jiwe lililopita motoni halina ubishi. Kelele za kinu kile nilizilalamikia kila siku, na siku zisipokuwepo nilitoka kuuliza kulikoni.

Jenipha alikuwa mtu wa Tabora na kazi yake ilikuwa kuwapikia wachimbaji. Sisi huku ugali wetu na mboga havihitaji mbwembwe, lakini yeye kila alichopika alikitia kitunguu saumu: maharage, nyama, hata kabichi. Ukipita nje ya uzio mchana ulijua yupo. Nilimtania kwamba akifa tutamtafuta kwa pua. Alicheka sana, akawamwagia kuku wangu makombo ya wali. Aliwapenda kuku wale kama wake.

Masika yalipoanza homa ikamchukua, upesi mno. Jilala hakuwa na namna ya kumfikisha kwao, nikampa mahali nyuma ya migomba yangu. Shemeji yangu Mwikwabe, mdogo wa marehemu mume wangu, alikuja juu. Alisema mgeni asiye na ukoo hapa hazikwi ndani ya boma la watu, maana hatatulia, atazunguka akitafuta mlango. Nikamwambia akachunge mlango wake. Mimi Leonida nimezika mume na watoto wawili, simnyimi mtu udongo.

Baada ya mazishi kinu kilinyamaza. Jilala alishinda mlimani, ati anakata kuni, na jioni alirudi na vijiti visivyotosha kuchemsha chai. Alasiri moja akarudi na gunia begani. Akalitua mbele yangu, akatoa jiwe.

Nimeishi na mawe maisha yangu yote, lakini la namna ile sikuwa nimeliona. Liling'aa weupe wa bati jipya, limejaa vipande vyenye kingo kali, vimesimama bega kwa bega kana kwamba kuna mtu alikaa akavinoa kimoja kimoja. Lilienea kiganjani, ila nilipolipokea mkono wangu ulishuka.

"Mama, nilikuwa nakata kuni," alisema, "nikasikia harufu ya jikoni kwake. Nikaifuata mpaka kwenye mwamba. Sasa nusa."

Akaligonga kwa nyundo. Cheche ikaruka, na pale uani, hakuna sufuria wala moto, kikanuka kitunguu saumu. Kilinuka hasa, kama kimepondwa sasa hivi. Nilitazama mlango wa chumba cha Jenipha kabla sijajizuia.

Kuanzia hapo kila jioni alichoma mawe yale. Hakuyatwanga. Aliyaweka tu motoni, akafunga mlango, akakaa. Harufu ilitoka chini ya mlango ikajaa uani. Siku moja nilisukuma mlango nimpe maziwa, nikaona ametandika mkeka na kuweka sahani mbili, zote tupu. Juu ya mafiga lilikuwa jiwe peke yake, linafuka moshi mweupe. Nikainua macho. Masizi ya darini yalikuwa yamegeuka meupe, kama mtu amepuliza unga wa sembe.

"Karibu, mama," alisema kwa furaha. "Amekuja mapema leo."

Niliogopa, sifichi. Niliweka maziwa chini nikaondoka kinyumenyume.

Kisha kuku wakaanza kufa. Walikuwa wakiparura majivu aliyomwaga Jilala nje, wakapepesuka, wakalala ubavu. Alikufa tetea mwekundu, akafuata jogoo. Majirani waliacha kukata njia uani kwangu. Na Jilala mwenyewe akaanza kutapika. Alikonda, akasema nyayo zinamchoma na vidole havisikii kitu. Nilipomwambia twende hospitali alitikisa kichwa.

"Ananiita, mama. Sina ugonjwa. Niache niende."

Mwikwabe akaja na jembe. "Shemeji, nilikuonya. Kuku kwanza, halafu mpangaji, halafu wewe. Kesho namfukua yule mwanamke, nampeleka nje ya boma."

Usingizi haukuja. Lakini kilichonikera zaidi ya hofu kilikuwa kuku. Mzimu unaotaka mume, hilo nalielewa. Mzimu unaoua matetea waliokuwa wanakula mkononi mwake, hilo lilikataa kabisa kuniingia.

Asubuhi nilichukua jiwe moja kwenye gunia la Jilala, nikalifunga kwenye kanga, nikapanda pikipiki hadi Kemambo. Kulikuwa na mjiolojia amekuja kuwapimia miamba wachimbaji wadogo, binti anaitwa Lilian. Akanipa shikamoo, nikaitikia, nikamfungulia kanga.

Alilipima uzito kwa mkono. Akageuza kikombe kilichovunjika, akalikwaruza kwenye ukingo wa chini usio na rangi, likaacha mstari mweusi. "Dhahabu ingechora njano," alisema. Kisha akanisogeza upande upepo unakotoka, akaligonga mara moja. Harufu ikaja. Nikashika kifua. Jenipha, mpaka Kemambo?

"Mama, hili jiwe lina arseniki, ile sumu," alisema. "Hukaa miambani jirani na dhahabu. Likiwa limetulia halinuki chochote mpaka ligongwe au lichomwe, ndipo linatoa harufu ya kitunguu saumu. Moshi wake unaua. Kuna mtu amelichoma?"

Nilipomwambia habari za unga mweupe darini, alisimama akaenda kuwasha gari.

Tulimkuta Mwikwabe nyuma ya migomba na jembe lake. Nilimwambia alilete, lina kazi nyingine. Jilala alikuwa ameegemea mlango, macho yamezama. Lilian akamweleza taratibu, akamwonyesha. Jilala alisikiliza kwa adabu zake, kisha akasema, "Asante dada. Lakini nikiacha kuchoma, hatakuja."

Hapo nilipandwa na hasira, na nililia palepale. "Jilala, nitazame. Jenipha aliwalisha kuku wangu. Aliwaita kwa majina. Huyu unayejifungia naye jioni amewaua wote. Mke wako angewaua kuku wangu?"

Alitazama uani, pale matetea walipozoea kujilaza vumbini. Kisha akakaa chini kama gunia.

"Kwa hiyo hajawahi kuja," alisema.

Alilia kilio ambacho hakukilia siku ya mazishi. Alipomaliza alilivuta gunia mwenyewe, akamkabidhi Lilian. Mwikwabe akachimba shimo refu mbali na kisima, tukafukia majivu na kuku. Kaburi hakuligusa tena. Jilala tulimpeleka hospitali, na Lilian akawaeleza madaktari ni sumu gani.

Amerudi sasa. Vidole bado vina ganzi lakini anakula. Darini tumebomoa na kuezeka upya, mafiga nimeyatupa. Juzi alasiri nilimpikia uji tukakaa barazani, naye alikuwa anatazama mlima.

"Mama, yule dada alisema jiwe halinuki mpaka ligongwe?"

"Ndivyo alivyosema."

"Au lichomwe."

"Ndiyo."

Alizungusha kikombe mikononi. "Siku ile nilisikia harufu nikiwa bado mbali, chini kabisa kwenye kuni. Niliifuata mpaka juu. Nilipofika hapakuwa na moto wala mtu, na jiwe lilikuwa zima." Akanigeukia, na safari hii hakuwa na wazimu wowote machoni. "Nani alikuwa analigonga?"

Mimi nina jibu la kila kitu, kamuulize Mwikwabe. Lakini nilitazama migomba, nikatazama mlima, nikamsogezea kikombe mdomoni.

"Kunywa uji, mura," nilimwambia, kama ninavyowaita vijana wa kwetu. "Unapoa."