Ubao wa Mukau Bafuni kwa Kalondu

Ndolo, seremala wa kijijini kwetu Tulia, alikuwa na udadisi uliopita kiasi. Ukimpelekea kiti kilichovunjika, atataka kwanza kujua nani alikikalia na alikuwa mnene namna gani. Alituchosha sisi majirani, lakini tulimpenda.

Mwaka 1986 jirani yangu Kalondu alimpelekea ubao mpana wa mukau, ukingo wake umepinda vile mti ulivyoota. Marehemu mumewe, Kiilu, ndiye aliyeukata mti huo, na hakukubaki kipande kingine. Kalondu alitaka ubao ukae bafuni, ushikilie beseni la kunawia. Ulikuwa na ufa mrefu, naye alimwonya Ndolo kwamba akiuharibu, basi, hana mwingine.

Ndolo alichonga vipande vidogo vya mbao vyenye kiuno chembamba, akavizamisha kukatiza ufa ili usizidi kupanuka, kisha akajaza pengo kwa gundi na unga wa msumeno. Akapiga randa, akapiga msasa. Taabu ilikuwa maji. Vanishi aliyoijaribu kwenye kipande cha mti mwingine ilibambuka upesi. Ndipo udadisi ukampeleka kwenye mizinga mitupu ya nyuki ya Kiilu, iliyoachwa mitini kwa miaka. Akachungulia ndani, akaona kwamba palipokuwa na nta, mti wa mzinga ulikuwa mzima kabisa. Akaikwangua nta hiyo, akaiyeyusha, akausugulia ubao ikiwa ya moto mpaka maji yakawa yanateleza tu. Chini yake akatengeneza kabati, akaacha tundu la bomba.

Kila Mkamba anajua kwamba mzinga mpya hupakwa nta ili kuwaita nyuki. Ndolo naye alijua, lakini kichwani mwake kulikuwa na maji tu. Mvua zilipoisha, kundi zima la nyuki lilihamia kabatini. Tulicheka mpaka mbavu zikatuuma.

Ndolo hakucheka. Alikuja na kitambaa kinachofuka moshi, amejaa aibu, tayari kuwatoa. Kalondu akasimama mlangoni.

"Ndolo, wewe wacha hao. Kiilu alipokufa walienda wote. Sasa wamerudi kwa mti yake, na unataka kuwafukuza?"

Ndolo akazima moshi. Aliziba mwanya wa ndani kando ya bomba, akatoboa ukuta wa nyuma ili wapitie nje. Nilimuuliza Kalondu kama haogopi kunawa pale. Akaniambia siku hizi ananawa polepole, anawasikiliza, kwa sababu hiyo nyumba ilikuwa imenyamaza sana.